GARI LA WANACHAMA LILILOLALA MIAKA 28

Na mwandalizi wa tawi, Uganda ya Magharibi



Mara nyingi ukurasa huu huwa na habari za mishahara na mikataba. Safari hii nataka kuwapa habari ya gari kuukuu. Msicheke kwanza. Gari lenyewe lilinunuliwa kwa senti za wachuma chai, likalala nyuma ya ofisi ya tawi letu miaka 28, kuku wakataga mayai ndani yake, na ilibaki kidogo tu liuzwe kwa kilo kama chuma chakavu. Leo linatembea. Habari yake ina mafunzo kwa fundi, na ina mafunzo zaidi kwa mwanachama na kiongozi wake.

Sisi tuko katika mashamba ya chai, upande wa milima ya Ruwenzori. Kambini kwetu mna Watoro, Wakiga, Wakonjo, Walugbara, na watu waliotoka Rwanda na Kongo. Kila nyumba ina lugha yake, lakini kwenye mkutano wa chama tunasikilizana kwa Kiswahili.

GARI LENYEWE

Ni Land Rover refu la mwaka 1965, aina ya Series IIA, lenye injini ya petroli ya silinda nne. Aina hii ilitengenezwa huko Solihull, Uingereza, tangu 1961 hadi 1971. Land Rover la kwanza kabisa lilionyeshwa kwa watu mjini Amsterdam mwezi wa Aprili 1948. Wakati ule vita vilikuwa vimekwisha karibuni, na chuma huko Uingereza kilikuwa kikigawiwa kwa kipimo. Kwa hiyo bodi ikatengenezwa kwa aluminiamu. Ndiyo sababu mpaka leo utaliona gari la namna hii limetupwa porini na bodi yake bado nzima. Lakini chasisi yake ni chuma, na huko chini ndiko ugonjwa unakojificha.

Tawi letu lililinunua mwaka 1969, likiwa limekwisha kutumika miaka minne. Baba yangu, ambaye alikuwa mchuma chai, ni mmoja wa waliotoa mchango. Mwaka 1988, nikiwa mtoto wa miaka tisa, nilipanda nyuma yake siku wazee walipokwenda kuzika mwenzao kambi ya mbali. Nakumbuka harufu ya petroli, na akina mama wakiimba.

Mwaka 1991 gasketi ya kichwa cha injini iliungua, maji yakaingia kwenye mafuta ya injini. Fedha haikuwapo. Ikasemwa kwamba gari litatengenezwa mwezi ujao. Ndugu zangu, mwezi ujao huo ulifika mwaka 2019.

USIKU WA MVUA

Mwezi wa Novemba 2017, katika zamu ya usiku, mwenzetu mmoja alishikwa mkono na mashine ya kusokota majani. Gari la kazi halikuwapo na dereva hakuonekana. Hospitali iko mbali, kilomita 31, na mvua ilikuwa ikinyesha. Alipakiwa kwenye bodaboda, mtu mmoja akimshika kwa nyuma asianguke. Mara nne walishuka kuisukuma pikipiki katika tope. Walifika kunakucha. Ule mkono ukakatwa kwenye kifundo.

Mwezi wa Januari 2018 tukawa na mkutano wa tawi. Halmashauri ilikuwa na shauri lake tayari: amepatikana mnunuzi wa vyuma, tumuuzie gari bovu, na kwa fedha hiyo tununue viti vya plastiki na hema la mikutano. Nasema kweli, hata mimi nilikuwa nimeliunga mkono shauri hilo. Kisha yule mwenzetu akasimama, mkono wa shati umening'inia mtupu, akasema, "Mnauza gari ili mnunue viti. Haya. Mwingine akiumia usiku, mtampeleka hospitali kwa kiti?"

Hakuna aliyejibu. Tulipopiga kura, gari lisiuzwe. Ikachaguliwa kamati ya watu watano, wawili wao wanawake, na masharti yakaandikwa: kazi ifanywe Jumapili kwa kujitolea, matumizi yasipite kiasi kilichokubaliwa, na kila risiti isomwe mbele ya wanachama. Fundi mkuu tulimwomba mzee mmoja aliyekuwa dereva wa gari hilohilo katika miaka ya sabini. Macho yake yamepungua, lakini mikono yake bado inaona.

KARATASI KABLA YA SPANA

Hatujafungua hata nati moja, wakatokea vijana wawili na kitabu cha gari mkononi. Jina lililoandikwa humo lilikuwa la marehemu baba yao, aliyekuwa katibu wa tawi miaka mingi, akafariki mwaka 1996. Wakasema, "Gari ni la mzee wetu. Mkilitengeneza, mtakuwa mmetutengenezea sisi."

Wanachama walikasirika sana. Hata mimi moyoni nilisema hawa ni wezi. Nikatumwa kutafuta kumbukumbu za zamani. Nilikaa siku tatu katika stoo, nikikung'uta mchwa kutoka kwenye madaftari. Nikaupata mwaka 1969: majina ya waliochanga, vipande vya risiti, na mapatano ya mkutano kwamba gari ni la tawi, nalo litaandikwa kwa jina la katibu kwa kuwa yeye ndiye mtia sahihi. Nilifurahi kama mtu aliyeshinda kesi.

Yule mzee fundi akaniuliza, "Umesoma mpaka wapi?" Nikamjibu kuwa nimesoma mpaka pale tulipopata haki yetu. Akasema, "Soma mbele."

Nikasoma mbele. Ninyi wenye umri mnakumbuka, mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia, na wengi wao ndio waliokuwa na maduka ya spea. Baada ya hapo kupata hata fenibelti ilikuwa taabu. Basi katika mwaka 1977 nikakuta imeandikwa kwamba giaboksi ya gari la chama ilikufa, tawi halina fedha, katibu ameuza ng'ombe wake wawili akanunua vyombo, na tawi litamlipa fedha ikipatikana. Nikapekua mpaka daftari la mwisho. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba alilipwa.

Jioni ile mjumbe mmoja wa halmashauri aliniambia polepole, "Ukurasa huo mchwa wangeweza kuula." Nililala na daftari chini ya mto. Siwezi kujisifu kwamba sikufikiri. Tulikuwa na haja ya gari, na ukurasa mmoja ni karatasi tu. Lakini niliwaza hivi: ukurasa unaosema gari ni letu na ukurasa unaosema tunadaiwa umo katika daftari moja. Nikiuchana mmoja, nani ataamini ule mwingine?

Asubuhi tukaenda watatu kwa mjane wa marehemu. Tukamkuta anaanua maharage. Nikasoma kurasa zote mbili. Alinyamaza, kisha akasema, "Kumbe mliandika. Mimi nilidhani ng'ombe wale walikwenda bure."

Swali likawa, tumlipe kiasi gani? Shilingi ya 1977 si shilingi ya leo. Mwaka 1987 peke yake Serikali ilibadili fedha, shilingi mia za zamani zikawa shilingi moja mpya. Tukilipa tarakimu iliyoandikwa, tunamlipa mama bei ya kiberiti. Mkutano ukakata shauri kwa njia rahisi: deni ni ng'ombe wawili, na lilipwe ng'ombe wawili. Mtamba mmoja alipelekwa mwezi uleule, wa pili baada ya mwaka. Mama na wanawe wakatia sahihi, na gari likaandikwa kwa jina la chama. Kijana wake mmoja ni mchomeleaji; ndiye aliyetuchomelea chasisi, kwa malipo ya kawaida.

KAZI YA MIKONO

Sasa nawaeleza kazi yenyewe, maana najua wengi wenu mna gari la ushirika, trekta au pampu iliyolala kama hili letu.

Jambo la kwanza alilotukataza mzee ni kulivuta gari ili liwake. Injini iliyolala miaka mingi, ringi zake zimeshikana na silinda kwa kutu. Ukiilazimisha utavunja ringi au kukwaruza silinda, na gari lililokuwa gonjwa utakuwa umeliua. Tulitoa plagi zote nne, tukamimina mafuta mepesi ndani ya kila silinda, tukaacha juma zima. Tukajaribu kwa hendeli, haikutikisika. Tukaongeza mafuta, tukaacha juma jingine. Jumapili ya tatu hendeli ikasogea kidogo, kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Vijana walipiga kelele mpaka watu wakatoka kanisani kutazama.

Ndipo tukafungua kichwa. Gasketi ilikuwa imeungua kati ya silinda ya pili na ya tatu, kama ilivyoandikwa mwaka 1991. Kichwa kikapelekwa kusawazishwa, valvu tukazisaga kwa mkono.

Petroli iliyobaki katika tangi ilikuwa imegeuka kitu kama vanishi, inanuka vibaya. Tangi la gari hili liko chini ya kiti, tukalishusha. Kijana mmoja aliliona limetoboka akataka kulichomelea papo hapo. Mzee akamshika mkono. Ndugu, tangi la petroli tupu lina hatari kuliko lililojaa, kwa sababu limejaa mvuke, na mvuke ndio unaolipuka. Watu wamekufa kwa kosa hilo. Tulitafuta jingine.

Chasisi tuliigonga kwa nyundo ndogo, hatua kwa hatua. Mahali pazima panalia. Mahali palipooza pana sauti ya boksi la karatasi. Kipande cha nyuma kilikuwa kimejaa udongo wa miaka yote, na kutu ilikuwa imekila kutoka ndani. Kikakatwa, kikawekwa chuma kipya.

Waya karibu zote zilikuwa zimeliwa na panya. Tairi, za namba 7.50-16, zilikuwa bado na meno mazuri, na wengi walisema zitumike. Mzee alikunja mpira wa ubavuni akatuonyesha nyufa. Mpira huzeeka hata kama hautembei. Tukanunua nne kuukuu zilizo nafuu, na moja ya akiba. Mafuta ya giaboksi na ya difu yalitoka yamechanganyika na maji, meupe kama uji. Vyombo vingi tulivipata Kampala, katika soko la Kisekka, kwa kuuliza duka hadi duka.

VUMBI LA BREKI

Hapa nataka msome taratibu. Breki za magari ya zamani zilikuwa na bitana za asbesto. Tulipofungua drami tulikuta vumbi jingi la kijivu, na kijana mmoja akainama kulipuliza kwa mdomo. Wengine hutumia upepo wa kompresa, na hiyo ni mbaya zaidi. Vumbi la asbesto likiingia mapafuni halitoki. Huleta ugonjwa wa mapafu na saratani, na dalili zake huweza kuchukua miaka 20 au zaidi kuonekana, wakati ambapo mwajiri wako hakukumbuki tena. Shirika la Kazi la Kimataifa lilipitisha Mkataba namba 162 juu ya jambo hilo mwaka 1986. Sisi tulilowesha vumbi kwa maji, tukapangusa kwa matambara mabichi, tukafunga matambara katika mfuko na kuyazika mbali na kisima. Bitana mpya tulinunua zisizo na asbesto.

Mafuta ya breki nayo hunyonya maji kutoka hewani, kisha maji hula silinda kwa ndani. Silinda zote za magurudumu zilikuwa zimeganda. Hatukubahatisha hata moja: mipira mipya, bomba mpya. Gari lisilowaka halimwui mtu. Gari lisilosimama ndilo linaloua.

KOSA LANGU

Nimesema ya wengine, sasa niseme yangu. Mwezi wa Februari 2019 ililetwa betri mpya. Mzee alikuwa mgonjwa siku ile, na mimi nilitaka akirudi akute taa zinawaka. Nikafunga betri kama nilivyoona katika magari ya siku hizi, upande wa kutoa kwenye bodi. Moshi ukatoka. Kumbe Land Rover za kabla ya 1967 hivi hufungwa kinyume: upande wa kujumlisha ndio unaoshikwa kwenye bodi. Kile kisanduku kinachorekebisha umeme wa dainamo kikaungua.

Fedha ile ilikuwa ya wanachama. Nikasimama kwenye mkutano, nikasoma risiti, nikasema, "Hii ni ya kosa langu." Nilikatwa nusu yake, nusu tawi likabeba. Mama mmoja akasema, "Ungalificha, tungalikukata yote." Watu wakacheka, mimi pia, ingawa sikuwa na furaha.

SIKU YA KWANZA

Jumapili moja ya mwezi wa Mei 2019 tulipanga waya za plagi kwa utaratibu wake, moja, tatu, nne, mbili, tukasafisha pointi, tukatia petroli. Mzee mwenyewe akashika hendeli. Mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili ilikohoa ikatoa moshi mweusi. Mara ya tatu ikashika. Mzee hakusema neno. Aliweka kiganja juu ya bawa la gari akasimama hivyo kitambo.

Kwanza tulilijaribu uwanjani, mwendo mdogo, breki mara ishirini. Ndipo likapelekwa kukaguliwa, likakatiwa bima. Tarehe 9 Agosti 2019 usiku lilifanya kazi yake ya kwanza. Mwanamke mmoja, mchuma chai, alishikwa na uchungu na mtoto amekaa vibaya. Mvua ilikuwapo, na barabara ni ileile. Dereva alisukuma chini kile kirungu cha manjano, magurudumu yote manne yakashika, na lilipofika penye tope kubwa akavuta kirungu chekundu, gia za chini. Walifika hospitali kwa muda wa saa moja na nusu. Mtoto ni msichana, na mama yu hai.

WAJIBU WA MWAJIRI UKO PALEPALE

Ndugu zangu, tusidanganyike. Gari hili hunywa petroli, lita kumi na nane na zaidi kwa kilomita mia. Hatuwezi kulitumia kila siku. Tena si kazi ya chama kumpeleka hospitali mtu aliyeumizwa na mashine ya tajiri. Uganda ina Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000, na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006. Anayefaidi kazi ndiye mwenye mzigo wa madhara ya kazi. Gari letu lilipoanza kutembea, meneja mmoja alituambia, "Sasa mna gari, shida imekwisha." Tukamjibu kwamba kila safari imeandikwa katika daftari, pamoja na lita za petroli, na kwamba daftari hilo tutakuja nalo mezani.

Tulikuja nalo. Katika mapatano yaliyofuata tulipata kifungu kinachosema zamu ya usiku isianze bila gari na dereva kuwapo. Gari kuukuu ndilo lililotupa ushahidi.

Kwa matawi mengine nasema haya. Mali ya chama iandikwe kwa jina la chama, si la katibu, hata akiwa mtu mwema, maana watu wema nao hufa. Madaftari yawekwe mbali na mchwa na mbali na wajanja. Deni la chama lilipwe hata kama mdai amenyamaza. Ufunguo wa gari uwe na mtu mmoja, daftari la safari liwe na mwingine. Na chombo kikiharibika, kitengenezwe mwezi huu.

Mtamba wa kwanza tuliompa yule mama amekwisha kuzaa. Wa pili tulimpeleka sisi wenyewe kwa miguu, kwa kuwa Land Rover siku ile lilikuwa safarini na mgonjwa.

Wenu katika kazi.